Gundi Isiyokuwepo

Walimwita Kupe, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Jina lilianza kwa mwizi mmoja wa magari aliyelalamika mbele ya hakimu kwamba mpelelezi huyu mwanamke akishakung'ang'ania, hang'oki hata amwagiwe mafuta ya taa. Hakimu alicheka, askari wakacheka, jina likabaki. Mwenyewe alisema kuna majina mabaya zaidi ya hilo, akaendelea na kazi.

Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti kwenye saruji ya ua wa vielelezo vya kesi, nyuma ya kituo, anakikodolea macho kiti cha chuma kilichompeleka fundi mmoja rumande.

Si kiti cha kukalia. Kilikuwa kipande kinene cha chuma, kilichochomelewa kwenye nguzo ya kiwanda cha magodoro ili boriti ya kivuko ije ikae juu yake. Kivuko chenyewe kiliunganisha ghala na jengo la kupakilia, huko ghorofani. Wiki iliyopita mshono wa kuchomelea ulichanika, kiti kikang'oka, boriti ikakosa pa kukaa, na kivuko kizima kikashuka na mpakiaji mmoja aliyekuwa akisukuma toroli. Alifia palepale. Na aliyekichomelea kile kiti alikuwa kaka yake, tumbo moja, ziwa moja.

Kaka huyo alikamatwa akiwa bado na udongo wa kaburini miguuni. Hakubisha. Alisema, "Ni mimi. Kazi ni ya mkono wangu, na imemuua mdogo wangu. Nifungeni." Mkuu wa upelelezi alisikia maneno hayo kwa raha ya mtu aliyepikiwa na kupakuliwa. Saa nane mchana wa leo fundi angesomewa shtaka la kuua bila kukusudia, na jalada lingefungwa.

"Afande," Sajini alisema, akiwa amesimama kivulini na mikono nyuma, "mshono umechanika, mtu amekiri. Tunatafuta nini tena hapa? Lulu?"

"Amekiri nini?"

"Kwamba amemuua."

"Kwa kosa gani? Alilewa? Aliruka sehemu? Alitumia vijiti vya kuchomelea vilivyolowa?"

Sajini alikuna shingo. "Hilo hakulisema."

"Hakulisema kwa sababu halijui. Na maabara wameukata mshono wakaupima, wakasema ni imara na una unene uleule wa kwenye mchoro. Mtu anayekiri kosa asilolijua, Sajini, huyo ni mfiwa. Hebu inama hapa."

Sajini aliinama kwa manung'uniko, maana kitambi chake na kuinama havikuwa na maelewano. Kupe alimwonyesha uso wa juu wa kiti, pale boriti ilipokuwa imekalia. Mwisho wa mbele, mbali na nguzo, rangi ilikuwa imekwisha na chuma kinang'aa kama ncha ya jembe la mtu mchapakazi. Huku nyuma, karibu na nguzo, rangi ya kijivu ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo.

"Labda ilikwaruzika wakati wa kuanguka," Sajini alisema.

"Ya kuanguka ingekuwa mstari mmoja, umepita mara moja. Hii imesuguliwa siku nyingi. Boriti ilikuwa inakalia ncha tu. Katikati ikilemewa inabonyea, mwisho wake unajiinua, unaachana na kiti huku nyuma."

"Sasa si ni kiti hichohicho, Afande? Mbele, nyuma, tofauti iko wapi?"

"Umewahi kupakata mtoto?"

"Watatu, na wa nne yuko njiani."

"Ukimpakata kifuani humsikii uzito. Mshike mikono ikiwa imenyooshwa mbele, halafu uniambie kama hakuna tofauti."

Sajini alinyoosha mikono yake mitupu, akaiangalia, akaishusha. Kisha akaenda kuwasha gari bila kuambiwa.

* * *

Ofisi ya wasanifu wa kile kivuko ilikuwa ghorofa ya tatu, yenye zulia jipya na kiyoyozi cha kumtia mtu mafua. Mkurugenzi, walielezwa, amesafiri. Badala yake aliwapokea wakili wa kampuni, mama mmoja mwenye viatu vya kugongagonga sakafu na tabasamu lisilofika machoni. Nyuma yake alisimama Mhandisi, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi vizuri lakini uso haujapata usingizi.

"Dakika chache tu, Afande," Wakili alisema. "Kwa heshima. Maana mwenye kosa mnaye tayari."

"Tunaye mtu. Mwenye kosa bado tunamtafuta," Kupe alijibu, naye macho yake yalikuwa yameshafika ukutani.

Palitundikwa picha kubwa ndani ya fremu. Kilikuwa kile kivuko, kimechorwa na kompyuta, kimepakwa rangi za kila namna: buluu penye raha, kijani, manjano, na wekundu kidogo penye taabu.

"Hii ndiyo hesabu yenu?"

"Ndiyo," Mhandisi alisema. "Kompyuta inakikatakata chuma kuwa vipande vidogo sana, halafu inapiga hesabu ya nguvu inayopita kwenye kila kipande. Rangi inaonyesha wapi panaumia."

Kupe alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Boriti hii na kiti hiki. Ni vitu viwili au kitu kimoja?"

"Viwili."

"Boriti imechomelewa kwenye kiti?"

"Hapana. Imekaa tu. Inatakiwa iwe huru, maana chuma kikipata joto kinarefuka."

"Basi nielimishe. Mimi niliishia kushona nguo za shule kabla sijaingia polisi. Nguo mbili zikilaliana bila kushonwa, ukivuta moja nyingine haivutiki. Mbona rangi hapa inatoka kwenye boriti inaingia kwenye kiti moja kwa moja, kama hakuna mpaka?"

Wakili alimtazama Mhandisi, kisha akamtazama Kupe, na lile tabasamu likapungua.

"Hayo ni mambo ya kitaalamu, Afande."

"Ndiyo maana namuuliza mtaalamu. Mhandisi, kompyuta inajuaje kwamba vitu hivi viwili vimegusana?"

"Haijui. Lazima uiambie. Usipoiambia, boriti itapita katikati ya kiti kama jini ukutani, na kompyuta itaona sawa tu."

"Unaiambia namna gani?"

"Kuna njia kadhaa. Unaweza kuiambia kwamba nyuso hizi mbili zimegandana, kama zimetiwa gundi. Hazitengani, haziteleziani. Au unaweza kuiambia kwamba zimegusana tu: zikisukumwa zinasukumana, zikivutwa zinaachana."

"Ninyi mlichagua ipi?"

"Usijibu," Wakili alisema.

"Gundi," Mhandisi alisema, kwa sauti ndogo.

"Ala!" Sajini alitoa sauti mlangoni. "Na kule kiwandani kulikuwa na gundi?"

Kupe alivuta kiti, akakaa mbele ya meza ya Mhandisi kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko njiani. "Washa kompyuta. Toa gundi. Nataka kuona."

"Hana idhini," Wakili alisema.

"Ana idhini yangu. Au nichukue kompyuta zote za humu ndani, nizipange kwenye ule ua wetu wenye vumbi? Chagua wewe, dada yangu."

Mhandisi aliketi. Alifungua ile kazi, akaondoa gundi kati ya boriti na kiti, akaweka mguso wa kawaida, akabonyeza. Kimstari kilitembea kwenye skrini, kikasita, kikafa. Maandishi mekundu yakajaa.

Wakili aliangua kicheko, cha kweli safari hii. "Mmeona? Haifanyi kazi! Ndiyo maana waliweka gundi. Wataalamu wanajua wanachofanya. Tumemaliza?"

"Imekataa kwa nini?" Kupe alimuuliza Mhandisi, kana kwamba yule mwingine ni redio ya jirani.

"Inasema boriti haijashikwa na kitu."

"Na kiwandani ilishikwa na nini?"

"Na uzito wake. Basi. Ila kompyuta haina subira ya kungoja uzito uishushe boriti mpaka igusane na kiti. Inataka kila kitu kiwe kimeshikwa tangu mwanzo. Kukiwa na mwanya hata wa unywele, kwake boriti inaelea hewani, na nguvu kidogo tu inairusha mpaka mwisho wa dunia. Inagoma."

"Mwanafunzi akikutana na mgomo huo anafanyaje?"

"Wengi wanatia gundi ili mambo yaende. Wanasema ni ya muda tu, waone kwanza sehemu nyingine ziko sawa, halafu watarudi kuitoa."

"Na wanarudi?"

Mhandisi aliitazama ile picha ya ukutani.

"Kuna njia ya halali?"

"Ipo. Unaifunga boriti na springi laini za kufikirika. Zinaishikilia kidogo tu isiruke, mpaka iguse kiti. Shida ni kupata ugumu wake. Zikiwa ngumu, zinabeba mzigo na hesabu inakuwa ya uongo. Zikiwa legevu mno, boriti inaruka tena. Na kila kazi ina namba yake. Unajaribu, inagoma, unajaribu tena. Inaweza kukutoa jasho siku nzima."

Hapo simu ya Kupe ililia. Alikuwa Mkuu, na sauti yake ilisikika mpaka kwa Sajini mlangoni.

"Uko wapi wewe? Mkurugenzi wao amenipigia, analalamika unawasumbua watu wake. Rudi hapa usaini hati ya mashtaka!"

"Sisaini, Mkuu. Fundi hana kosa."

"Amekiri!"

"Anaomboleza, Mkuu. Hayo ni mambo mawili."

"Hiyo ni amri!"

"Basi iandike, uitie sahihi yako, useme umeniamuru nimshtaki mtu huku ushahidi unakataa. Nitaibandika ukutani kwangu."

Simu ikakatwa. Kupe aliirudisha mfukoni kwa hasira. Alikuwa na miaka mingi kazini na bado hajazoea kufokewa kama mtoto aliyeunguza wali.

"Mhandisi," alisema. "Weka hizo springi."

Mhandisi aliandika namba moja, akabonyeza. Kimstari kilitembea. Kikafika katikati, kikaendelea, kikafika mwisho. Picha mpya ikafunguka. Sajini aliacha mlango akaja kusimama nyuma yao.

Boriti ilikuwa imejipinda. Mwisho wake umejiinua, na kati yake na kiti, upande wa nguzo, palikuwa na mwanya unaoonekana. Mzigo wote ulikuwa umekaa kwenye ncha ya mbele, palepale penye chuma kinachong'aa kule uani. Na mshono, ambao kwenye picha ya ukutani ulikuwa wa kijani kibichi, ulikuwa mwekundu kuanzia juu mpaka chini.

"Unabeba karibu mara tatu ya tulivyohesabu," Mhandisi alisema. Hakuwa anaangalia skrini. "Kwenye gundi, boriti ilikuwa inakishika kiti, kinasaidiwa. Kiuhalisia kiti kilikuwa peke yake. Unene wa mshono tuliompa fundi usingetosha hata angechomelea malaika."

"Upuuzi!" Wakili aliruka. "Hizo springi kiwandani hazikuwepo! Mmeongeza vitu vya kubuni mpate jibu mnalolitaka!"

Kupe aligeuka, na kwa mara ya kwanza alimtazama kwa heshima kidogo. Ilikuwa hoja nzuri. "Mjibu, Mhandisi. Springi zinabeba kiasi gani?"

Mhandisi alibonyeza mara mbili. "Zote kwa pamoja zinabeba uzito wa kuku mmoja. Kiti kinabeba uzito wa lori. Ndivyo tunavyozikagua. Gundi ndiyo iliyokuwa inasema uongo, Wakili."

Wakili aliketi. Kupe alikuwa anaiangalia mikono ya Mhandisi iliyolala juu ya vitufe, imetulia, haina hata jasho.

"Umeniambia kutafuta namba ya springi kunamtoa mtu jasho siku nzima," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Na kila kazi ina namba yake."

"Ndiyo, Afande."

"Wewe umeandika moja tu. Hukufikiri, hukukosea, hukurudia. Imekubali kwa mkupuo." Aliegemea mbele. "Hii si mara yako ya kwanza. Umeshaitoa hiyo gundi kabla ya leo. Lini?"

Wakili alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Ninakushauri kama wakili wa kampuni—"

"Wa kampuni," Mhandisi alimkatiza. "Si wangu." Alipangusa macho kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayejipiga. "Kesho yake baada ya ajali. Nilitia gundi wakati wa kusanifu kwa sababu programu iligoma, nikajiambia nitarudi. Mkurugenzi akaipenda ile picha, haina wekundu mwingi, akampelekea mteja, akaitundika. Nami nikaona aibu kusema haijaisha. Kivuko kilipoanguka nilijua kabla hata sijaketi hapa. Nilihangaika na springi mpaka jioni, zikakubali, nikaona hii unayoiona. Nikampelekea Mkurugenzi."

"Akasema?"

"Akasema fundi ameshakiri, kwa hiyo Mungu ametusaidia."

Sajini alitoa mguno mzito, wa mtu aliyepigwa tumboni.

"Wamemwangushia mwenzio jumba bovu," Kupe alisema, "nawe ukasimama pembeni unaangalia. Amemzika mdogo wake, akaamini ndiye aliyemuua. Wiki nzima."

"Najua."

"Hujui. Utajua ukimwona." Alisimama. "Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Utapoteza kazi," Wakili alisema haraka, "na leseni, na huenda—"

"Nipoteze!" Mhandisi alifoka mpaka kalamu ikadondoka mezani. "Nimenyamaza nikaona kunyamaza kulivyo. Hata mke wangu siwezi kumtazama. Chukua kompyuta, Afande. Nichukue na mimi."

"Hilo ndilo nililolifuata," Kupe alisema. "Sajini, mpishe mheshimiwa atangulie. Na ile picha ya ukutani, ishushe."

* * *

Gari la kwenda mahakamani lilikuwa limeshawashwa walipofika kituoni. Mkuu alisimama katikati ya korido, mikono kiunoni, ameziba njia ya mahabusu. Kwenye benchi la kaunta alikaa mama mmoja mtu mzima, mgongo umenyooka. Alikuja kila siku tangu msiba. Kila siku aliulizwa kama anataka kumwona mwanawe, yule fundi, na kila siku alijibu kwamba anangoja kwanza ajue kama bado ni mwanawe.

"Nimempa mwingine asaini," Mkuu alisema. "Mpelelezi wa kesi hii si wewe tena."

"Basi nimekuja kama shahidi, Mkuu. Na huyu hapa ni shahidi mwenzangu, aliyesanifu kivuko. Anasema mbele yako na mbele ya kaunta nzima kwamba mshono ulichomelewa sawasawa, hesabu ndiyo iliyokuwa ya uongo, na Mkurugenzi yule uliyeongea naye asubuhi anajua hilo wiki nzima. Mpeleke fundi mahakamani. Nitafika kabla ya gari lako, na nitayasema hukohuko."

Mkuu alimtazama Mhandisi. Mhandisi alitikisa kichwa kukubali, machozi yanamtoka hadharani. Askari wa kaunta walikuwa wameacha kuandika. Mkuu alipitisha ulimi kwenye midomo, akashusha sauti. "Sawa. Sawa. Basi tumtoe polepole, kwa mlango wa nyuma, jioni watu wakipungua. Tusilete aibu."

"Mlete, Sajini," Kupe alisema.

Sajini alimpita Mkuu ubavuni, kitambi na vyote, bila hata kuomba radhi. Alirudi na fundi, mwanaume mkubwa aliyepungua ndani ya nguo zake, viganja vina makovu ya cheche.

"Kiti ulichomelea vizuri," Kupe alimwambia. Hakujua namna ya kulizungusha neno, akalisema lilivyo. "Ulifanya kama mchoro ulivyosema. Mchoro ndio uliokosea. Hukumuua mdogo wako."

Fundi alitikisa kichwa kukataa. "Mshono ulichanika, Afande. Nimeuona."

"Ungechanika hata angechomelea mwingine yeyote," Mhandisi alisema. "Ni mimi. Nisamehe, kaka. Usiponisamehe nayo ni haki yako."

Fundi alimwangalia kwa muda mrefu. Hakumpiga, hakumsamehe. Alijishika ukutani, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu mzima.

Mama aliinuka kwenye benchi. Alitembea taratibu hadi kwa mwanawe, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakilaza begani kwake, naye alikuwa mfupi kiasi kwamba mwana ilibidi apinde mgongo. Akamwacha alie mpaka akatulia. Kisha akamshika mkono, akamgeukia Mkuu.

"Nilizaa wawili," alisema. "Mmoja mmenizikisha, na huyu mlinifanya nimkatae siku zote hizi huku mimi nakula na kulala, na yeye yuko ndani. Sasa wewe unasema mlango wa nyuma?"

"Mama, tulikuwa tu—"

"Mwanangu si mwizi. Tunapita hapa, mchana huu, kila mtu akimwona. Anayetaka kumzuia aanze na mimi."

Mkuu alijibanza ukutani, wakapita.